Mihogo ya Mawe

Mama yangu mpaka leo hajakubali kwamba nina kazi. Kwamba nilisoma, anakubali, maana cheti alikiona kwa macho yake na akakitundika mwenyewe juu ya friji. Lakini kazi, kwake, ni kitu ambacho ukikitaja harusini wanawake wenzio wanaelewa papo hapo: daktari, mwalimu, karani wa forodha. Mimi nikimwambia, "Mama, kazi yangu ni kuyatazama mawe yanayotolewa chini ya ardhi na kuandika yakoje," hunitazama kidogo, kisha huugeukia ukuta wa nyumba yetu ya Lamu mjini, ukuta mnene wa matumbawe uliojengwa na babu wa babu yake, akasema, "Mawe si haya? Kaa hapa uyatazame. Chai imo kwenye chupa."

Basi acha nieleze, kwa ajili ya walio kama mama yangu, na ni wengi. Mtu akitaka kujua chini ya ardhi pana nini, huleta mashine yenye bomba la chuma, na mdomoni mwa bomba pana meno makali. Bomba huzunguka likashuka, na likivutwa juu hutoka na jiwe refu la mviringo tumboni mwake, nene kama muhogo wa kiasi. Sisi tuliosomea mambo haya tunaliita sampuli. Watu wa Kipungani, mashine ilipotoa ya kwanza mbele yao, waliiita muhogo, na tangu siku hiyo hapakuwa na sampuli tena, palikuwa na mihogo. Vipande vyake hupangwa kwenye masanduku ya mbao yenye mifereji membamba, kila kipande kwa zamu yake kama kilivyotoka, cha juu kwanza, cha chini baadaye. Mpangilio ndio kila kitu. Jiwe peke yake halisemi neno. Likikaa baina ya lililo juu yake na lililo chini yake, hapo ndipo linapotoa habari. Mtu akitaka kunivuruga, heri anivurugie nywele siku ya harusi kuliko kunivurugia masanduku. Wanaonijua tangu utotoni watakwambia kwamba mimi si mtu wa kuvurugiwa nikanyamaza.

Kipungani iko upande wa pili wa kisiwa chetu, mbali na mji, ni kijiji cha wavuvi na wanawake wanaosuka mikeka. Visima vyao vilikuwa vimegeuka. Kila mwaka chumvi ilizidi, mpaka chai ya huko mwenyeji huitia sukari na mgeni huitia subira. Ndipo ukaja mradi wa maji, na mashine yake moja, ndogo, iliyoletwa kwa mashua na kuburutwa mchangani na punda wenye hasira. Sharti la mradi lilikuwa wazi. Kwanza litobolewe tundu jembamba la kupimia, mimi niisome mihogo yake, niseme. Nikisema chini pana maji matamu yaliyokaa salama, kisima kipana kitachimbwa hapo hapo. Nikisema hapana, mashine ihamie Matondoni, ambako walikuwa wanaingoja kwa hamu, na Kipungani ibaki na chai yake.

Mahali pa kutoboa palitolewa na Maalim, mzee anayesomesha watoto Kurani pale kijijini. Ni mtu mfupi, kanzu yake imepigwa pasi hata siku ya mvua, na kwa ubishi sijamwona mwenzake. Ukimwambia Maalim leo ni Jumatano, atakuuliza una ushahidi gani. Kiamu chake ni kile cha zamani, nchi huiita nti na maji huyaita mai, na hakuna swali langu lililopita bila kusahihishwa kwanza.

Lakini kwa jambo la kisima hakuwa na mzaha. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Visima vya karibu vilipoharibika, yule mama alikuwa akitembea kila asubuhi hadi nyuma ya vilima vya mchanga kutafuta maji ya kunywa, na siku za ugonjwa wake wa mwisho alimwambia mumewe asimfanyie makuu. Amchimbie kisima, watu wanywe, na thawabu zimfikie huko aliko. Sadaka ya namna hiyo kwetu haina kifani, maana mtu hulala kaburini na maji yakaendelea kumfanyia kazi. Maalim aliahidi. Akachimba kwa mikono yake mahali pawili, akapata chumvi pote pawili. Mradi ulipokuja, alitoa uwanja wa chuo chake cha Kurani kabla hawajamaliza kumuomba. Kila asubuhi alinijia na swali lile lile, "Mwanangu, mihogo yasemaje?" Nami humjibu kwamba mihogo bado haijatoka yote, na mimi sisomi kitabu nusu, iliyotoka nimeifunika siitazami.

Sasa, jiwe husomwa kwa macho, kwa lenzi, kwa nyundo, kwa tone la asidi, na niseme wazi, kwa ulimi. Ukionja unajua kama ni udongo laini au ni mchanga mwembamba unaojifanya udongo, na chumvi haihitaji mashine ya kuipima. Nilikuwa nimekaa barazani mwa chuo, nimeinua kipande kimoja cha udongo wa kijivu alichonipa fundi nikionje, nakilamba kwa makini ya kitaalamu, nilipoinua macho nikawaona wasuka mikeka wote wameacha kusuka. Wakatazamana. Wakatabasamu. Mmoja akaniletea mto niuweke mgongoni.

Habari ilifika mjini kabla sijameza mate. Mama akanipigia simu.

"Nasikia wala udongo."

"Sili, Mama. Naonja."

"Ndivyo huanza. Mimba ya miezi mingapi?"

"Mama, ni kazi!"

Mume wangu ni baharia wa meli kubwa, na wakati huo alikuwa hajakanyaga nchi kavu tangu kabla ya Ramadhani. Nilimsikia mama yangu upande wa pili akihesabu kimya kimya. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa sasa hakuna haja ya kumwambia mtu yeyote, ila niende mjini mwisho wa wiki, kwenye harusi ya binamu yangu, nivae kitu cha kubana, watu waone sina tumbo.

Nilikataa, na kukataa kwangu kulifika pale ambapo kila kumkatalia mama yangu hufika, yaani nilikwenda. Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa bado inatoa mihogo, na bwana tuliyemwajiri kuipanga alikuwa ameshikwa na homa, yuko kitandani. Maalim akajitokeza mwenyewe.

"Nitapanga mimi. Uwanda wangu, mihogo yangu."

"Si mihogo yako, Maalim, na kupanga kwenyewe kuna utaratibu."

"Nambia huo utaratibu."

Nikamweleza vizuri, maana nikitaka naweza kuwa na subira. Fundi wa mashine akitoa kipande, wewe unakipokea na kukilaza kwenye mfereji wake. Ni kama kusoma kitabu, nikamwambia. Unaanza mwanzo wa mstari, unakwenda mpaka mwisho wake, unashuka mstari wa pili. Sanduku likijaa, unaweka jingine kando yake, unaendelea.

Maalim alinitazama kama niliyemfundisha kula. "Mwanangu, mimi nasomesha kitabu tangu hujazawa."

Nikapanda mashua roho imetulia. Harusini nilivaa cha kubana, nikacheza mbele ya wanawake wote waliohitaji ushahidi, mama akapumua, na nikarudi Kipungani hina bado inang'aa viganjani.

Barazani mwa chuo, chini ya paa la makuti, masanduku yote yalikuwa yamepangwa kando kwa kando, yamenyooka kama safu ya swala. Tundu lilikuwa limekwisha, mihogo yote imetoka. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikasogea, nikaona yanametameta. Maalim alikuwa ameyaosha na kuyapanga upya yote, hata yale ya bwana wa homa. Alikuwa ameosha mawe, ameosha masanduku, na ameosha vile vibao vidogo ambavyo fundi huandika kina kwa kalamu nyeusi, kibao kimoja baada ya kila muhogo, ili mtu ajue yuko mita ya ngapi. Vibao vilikuwa vyeupe pe. Hapakuwa na hata namba moja iliyosalimika.

"Maalim! Nani alikwambia uoshe?"

"Nani aliniambia nisioshe?"

"Namba zilikuwa hapo! Ndizo zinazoniambia tuko wapi!"

"Zile alama nyeusi? Nilidhani ni uchafu wa fundi. Mikono yake huioni?" Akakunja mikono ya kanzu. "Hapa pana Misahafu, mwanangu. Zitu hazilali na tope."

Nilisema maneno ambayo mtu mwenye hina mkononi hastahili kuyasema, na sijayajutia. Maalim aliyasikiliza yote, akanirekebisha moja. Nilipochoka nikajiambia kwamba alau mpangilio upo, na mtu mwenye mpangilio anaweza kupima upya kwa futi. Nikavuta kigoda, nikaanza sanduku la kwanza mkono wa kushoto, nikawa nateremka mstari kwa mstari.

Habari ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Juu kabisa palikuwa na matumbawe, yamejaa matundu kama sifongo, na nikiyaonja, baharini kwenyewe. Chini yake pakafuata udongo mgumu wa kijivu, ule niliouonja nikaletewa mto wa mgongo. Na chini ya udongo, mwisho kabisa, ndipo nilipoukuta mchanga, mchanga mzuri mweupe wa kukaa maji. Mzuri wa nini? Mvua ikinyesha Kipungani itashuka, itakutana na matumbawe yaliyonyonya bahari, na ikinusurika hapo itagonga udongo usiopitisha hata tone. Mchanga ulikuwa umefungiwa huko chini kama ushungi sandukuni. Maji ya tundu lenyewe yalikuwa yamechanganyika na ya mashine, hayawezi kuaminika kwa lolote. Nikasoma mara ya pili. Mawe yalikuwa yale yale.

Jambo moja tu liliniudhi. Jiwe likikatika, miisho yake miwili huungana vizuri, kama sahani iliyovunjika. Hapa kila mwisho wa mstari ulikataa kuungana na mwanzo wa mstari unaofuata. Nikamwendea fundi wa mashine, bwana mpole kutoka bara, mtu wa maneno machache na mwenye visikizi vya simu masikioni muda wote, nikamfokea kwamba bomba lake linasaga sampuli zangu.

"Madam, bomba iko sawa," akasema.

"Haiko sawa! Vipande haviungani!"

"Mimi natoboa, madam. Wewe ndio unasoma."

Akarudisha visikizi masikioni. Nikamwacha, maana palikuwa na zito zaidi la kufanya, nalo nilikuwa nalizungukazunguka tangu asubuhi.

Nilimkuta Maalim ndani ya chuo, anapanga juzuu rafuni, watoto wameshaondoka. Aliponiona hakuuliza mihogo yasemaje. Nadhani uso wangu ulishamjibu. Nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza polepole: matumbawe yako juu, udongo katikati, mchanga chini, mvua haifiki. Nilimweleza kana kwamba kueleza vizuri kutapunguza kitu. Nilimngoja abishe. Wallahi, nilimuomba Mungu abishe, aniulize nina ushahidi gani, anitukane.

"Hapana neno," akasema. "Mungu ndiye ajuae mai aliyaweka wapi." Akaendelea kupanga juzuu. Halafu, bila kugeuka, akasema, "Nilimwambia atapata."

Nikatoka. Nilikaa nyuma ya ukuta wa chuo nikalia kwa hasira, na nilikuwa sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nikawakasirikia punda. La kuvunda halina ubani. Nikapiga simu ofisini, wakasema sawa, mashine ihame leo leo, kwa kuwa mashua ya kuibeba ilikuwa ishafika na nahodha anataka kutoka na maji ya mchana yakiwa yamejaa. Fundi na watu wake wakaanza kufungua vyuma na kuvishusha ufukoni.

Mimi nilirudi barazani kufunga masanduku. Kwa mazoea tu, si kwa matumaini, nikashika kipande cha matumbawe na kukiwekea lenzi. Tumbawe likiwa hai huota kuelekea mwanga. Huanza kwenye shina moja, likapanuka kwenda juu, kama mkono unaofungua vidole. Hata likifa na kuwa jiwe na kukaa chini ya ardhi umri wa dunia, vidole vyake vitakuonyesha juu ni wapi. Vidole vya hili vilielekea chini.

Nikajiambia Maalim kakigeuza wakati wa kukiosha. Nikashika cha pili. Chini. Nikashika cha mstari mwingine, na cha sanduku jingine. Vyote vilikuwa vimeota kichwa chini miguu juu, kwa nidhamu kamili, hakuna hata kimoja kilichokosea. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Ala! Hata matumbawe ya Kipungani ni mabishi!"

Hapo ndipo Maalim alipotoka. Alikuja kuiaga ile mihogo, nadhani, kama mtu anavyopita chumbani baada ya mgonjwa kuondoka. Akainama kwenye sanduku la mwisho, lile la mkono wa kulia kabisa, akaweka kidole kwenye kipande cha kwanza, kile kilicho kona ya kulia, akakipeleka kidole polepole kuelekea kushoto. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. "Hapa yalikuwa mapema," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Hapa ndipo fundi alipokwenda kula. Hapa ndipo nilipotia nia..."

"Maalim," nikasema. "Unaanzia wapi?"

"Mwanzo."

"Mwanzo ni wapi?"

Akaniangalia. Ule ubishi wake, niliokuwa nimeukosa tangu asubuhi, ukamrudi usoni wote kwa pamoja.

"Mwanzo wa mstari si kulia? Kwani wewe ulisoma chuo gani?"

Salaale! Nilisimama na tumbawe mkononi. Mwambie mtu aliyeishi maisha yake yote na Msahafu kwamba apange mawe kama anavyosoma kitabu, atapanga kama anavyosoma kitabu. Alianza kulia, akaenda kushoto. Akashuka mstari, akaanza tena kulia. Sanduku lilipojaa, akaweka la pili kushoto kwake. Na mimi, mtoto wa Lamu niliyekomaa kwa fimbo za chuo, nikaja na kigoda changu nikaanza mkono wa kushoto, nikaisoma nchi yote kuanzia mwisho, nikafika mwanzo, nikamwambia mzee wa watu kwamba ahadi yake haiwezekani.

Nikakimbia.

Nilikuwa na mabuti ya kazi, na buibui nimelikunja kiunoni, na mchanga wa Kipungani haukuumbwa kwa kukimbia. Wasuka mikeka wakainuka. "Mama weee!" akapiga kelele yule aliyeniletea mto. "Usikimbie na hali yako hiyo!" Wengine wakaanza kunifuata, nadhani wanidake nikianguka, kwa hiyo tulifika ufukoni kundi zima.

Mashine ilikuwa imeshapakiwa. Fundi alikuwa amekaa juu ya injini yake, visikizi masikioni, anasikiliza mpira. Nilimpungia mikono yote miwili. Naye, kwa adabu, akanipungia.

"Shusha!" nikaingia majini mpaka magotini. "Shusha vyote!"

Akatoa kisikizi kimoja. "Madam, ndio tumemaliza kupakia sasa hivi."

"Shusha, nasema!"

Nahodha akaniambia maji yanatoka, akichelewa atakwama hapo mpaka kesho. Nikamwambia akwame, Kipungani pazuri, atapikiwa. Kisha nikamuuliza fundi swali ambalo ningemuuliza tangu mwanzo kama angenipa nafasi ya kutomfokea.

"Matumbawe yalitoka lini? Mwanzo au mwisho?"

"Mwisho kabisa," akasema. "Yale magumu. Yalikula meno ya bomba."

"Na hukusema!"

"Ulikuwa umekasirika, madam."

Nilikuwa na haki ya kukasirika na mpaka leo ninayo, lakini hapakuwa na wakati. Vyuma vikaanza kushuka, wasuka mikeka wakisaidia kubeba, mmoja akikataa kabisa mimi nishike kitu kizito.

Barazani, Maalim alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Nilipomweleza, huku nahema, alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Kwa hivyo kosa lilikuwa langu?" akauliza.

"Sikusema hivyo."

"Kitabu chaanza kulia. Wewe ulianza kinyumenyume, ukasema mai hapana, halafu yalaumiwe mawe?"

"Maalim, chuo kikuu walinifundisha kuanza kushoto."

"Basi hicho chuo kikuu kimepinduka. Kurani uliisoma kwa nani?"

Nikamtajia mwalimu wangu wa mjini.

"Namjua," akasema kwa huruma. "Masikini. Alifanya bidii yake."

Nikaleta kigoda kingine, nikakiweka upande wa kulia, tukakaa wawili. Sikuhamisha hata jiwe moja. Tulisoma kutoka kulia, mstari kwa mstari, yeye akitangulia na kidole, mimi nikifuata na lenzi na futi. Kila mwisho wa mstari uliungana na mwanzo wa unaofuata, kipande kikiingia katika mwenzake bila hata uwazi wa kucha. Juu, mchanga. Mchanga mweupe, mnene, unaopokea mvua bila kizuizi. Chini yake, udongo wa kijivu, umelala kama sufuria, unayashika maji yasishuke. Na chini kabisa ya udongo, mbali, yamefungiwa huko na chumvi yao, yale matumbawe, vidole vyote vimeelekea juu. Nilimwambia Maalim kwamba maji yapo, matamu, na yamekuwapo muda wote, futi chache tu chini ya mahali watoto wanapovulia viatu.

Alitoa leso, akafuta lile jiwe nililokuwa nimeshika, ambalo tayari lilikuwa safi.

Tundu la kupimia tuliliziba kwa saruji kuanzia chini mpaka usawa wa udongo, chumvi isipate njia ya kupanda, na kisima kipana kikachimbwa kando yake, kikaishia ndani ya mchanga. Siku maji yalipotulia na kuwa meupe, nilimuomba Maalim tuongee pembeni kabla watu hawajaanza kuteka. Kuna jambo lilinikaa rohoni, na sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Vijana wa kijiji walikuwa wameshaanza kuzungumzia pampu ya injini na tangi kubwa. Nilimwambia kwamba maji yale si mengi namna hiyo. Yamekaa kwenye mchanga kwa kadiri ya mvua, na bahari iko pembeni inayangoja. Wakiteka kwa ndoo, kidogo kidogo, watakunywa wao na wajukuu wao. Wakiyavuta kwa injini, kwa pupa, bahari itaingia kutoka ubavuni na kisima kitaharibika kama vile vingine. Nilisema nasikitika kwamba sikuweza kumpatia marehemu kitu kikubwa zaidi.

Nikajiandaa kuulizwa ushahidi.

"Si kitu cha kusikitikia," Maalim akasema. "Mke wangu naye alikuwa hivyo hivyo. Ukimwendea polepole, mtamu. Ukimfanyia haraka, utaiyona chumvi yake."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka mpaka akashika ukingo wa kisima. Kisha akashusha ndoo yeye mwenyewe, taratibu, mkono juu ya mkono, bila kuigonga popote, kama mtu anayeingia chumbani mwenzake akiwa amelala.